Saa 1,500 zako ni zipi? Jinsi ya kujipima kabla ya kuomba kazi ya urubani

"Mwalimu, nimefikisha 1,512. Nimetuma maombi mara nne, hakuna hata mmoja aliyenijibu."

Ujumbe ulitoka kwa kijana niliyemfundisha kutua enzi zile akishika usukani kama anayezuia mbuzi asitoroke. Sikumpa pole. Nilimuuliza: kati ya hizo, za usiku ni ngapi? Kimya cha dakika kumi, nikajua anahesabu. Akajibu 83. Za injini mbili? 31. Nikamwambia aje na daftari lake la saa, lile tunaloliita logibuku, na aje na tangazo lenyewe la kazi, neno kwa neno, asiniletee alivyolikumbuka.

Nimekuwa mkufunzi, nikakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, nikahamia cha kushoto, cha kapteni, kisha kwa miaka sita nikawa miongoni mwa watu wanaopitia maombi ya marubani kabla hayajafika kwenye usaili. Kwenye meza ile niliona waombaji wengi wakiangushwa na kutojua wana saa za namna gani, kuliko walioangushwa na uchache wa saa. Hivi ndivyo tulivyolipitia daftari la yule kijana, na ndivyo ningelipitia lako.

Tangazo kwanza, daftari baadaye

Nambari unazoziona kwenye tangazo la kazi zina wenyewe watatu, na ni vizuri ujue unabishana na nani.

Mwenyewe wa kwanza ni sheria. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, limeweka viwango vya chini ambavyo nchi hujenga juu yake. Leseni ya rubani wa biashara, CPL, ni saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi moja iliyoidhinishwa toka mwanzo hadi mwisho. Leseni ya rubani wa shirika la ndege, ATPL, ni saa 1,500 na umri wa miaka 21. Kuna na MPL iliyoingia mwaka 2006, ambayo saa zake 240 zinajumuisha za simuleta, ile mashine ya ardhini inayoiga ndege, nayo humwandaa mtu kwa kiti cha kulia cha ndege ya marubani wawili bila kupitia njia ya kawaida.

Sehemu nyingi za dunia, kiti cha kulia hakidai ATPL. Kinadai CPL, idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mita za ndani bila kuona nje, na idhini ya aina ya ndege yenyewe. Ndiyo maana Ulaya utamkuta rubani msaidizi wa jeti aliyeajiriwa akiwa na saa mia mbili na ushei. Mitihani ya nadharia ya ATPL ameshafaulu, saa ndizo hazijatimia, na wenyewe husema ATPL yake "imegandishwa", utadhani samaki. Itayeyuka akifika 1,500, na ndani yake ziwemo 500 za ndege inayoendeshwa na marubani wawili.

Marekani ni habari nyingine. Tangu mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lenye ratiba lazima awe na leseni ile ya juu: saa 1,500, miaka 23. Upo mlango mwembamba wa kuanzia miaka 21, leseni yenye mipaka: saa 750 kwa aliyefundishwa urubani jeshini, 1,000 kwa mwenye shahada ya kwanza ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa, 1,250 kwa aliyesoma ile ya miaka miwili. Anayepita mlango huo hubaki msaidizi. Kuwa kapteni kunataka leseni kamili, na saa 1,000 za kazi ya shirika la ndege juu yake.

Sheria hiyo ya Marekani ilizaliwa na ajali ya tarehe 12 Februari 2009 karibu na Buffalo, ambapo ndege ya Q400 ilianguka na watu 50 wakafa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Kinachonikera katika kisa hicho ni kwamba marubani wote wawili walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Kapteni alikuwa na zaidi ya 3,300. Wachunguzi walisema kapteni alifanya kinyume pale usukani ulipoanza kutikisika kumwonya kwamba mbawa zinakaribia kupoteza nguvu ya kuibeba ndege: aliuvuta badala ya kuusukuma. Kwa hiyo nambari peke yake isingewazuia wale kuingia kwenye chumba cha marubani. Nafuu ni kwamba sheria ilikuja pia na kozi ya lazima kabla ya mtihani wa leseni hiyo, saa 30 za darasani na 10 za simuleta, na humo mtu hufundishwa hasa jambo hilo. Nikiulizwa mimi, hizo 10 zina uzito kuliko mamia ya saa za kuzunguka uwanja jua likiwaka.

Mwenyewe wa pili ni kampuni, ambayo huongeza inavyotaka juu ya sheria. Soko likiwa na marubani tele hupandisha, likikauka hushusha, na huwezi kwenda mahakamani kwa hilo. Wa tatu ni bima. Mwenye ndege akikuambia "ningekuchukua hata leo, lakini...", mara nyingi sauti unayoisikia ni ya bima.

Chukua kalamu mbili. Kwa moja pigia mstari kila neno "lazima", kwa nyingine kila "itapendelewa". Yule kijana alikuwa amekacha kazi mbili alizozifaa kwa sababu alisoma "itapendelewa" kama "lazima", na akaomba nne ambazo "lazima" zake hakuzisoma. Angalia pia uzito unaotajwa. Tangazo likisema saa kadhaa "kwenye ndege ya zaidi ya kilo 5,700", maana yake ni uzito wa juu unaoruhusiwa kupaa nao, na ndege zote za kufundishia ulizozizoea ziko mbali sana chini ya hapo. Likisema "turbini", yaani injini ya jamii ya jeti, ndege ya pistoni, yenye injini kama ya gari, haiingii hata ukiwa nazo saa 3,000.

Jumla ni gunia, fungua uone kilichomo

Tangazo alilokuwa akilikimbilia kijana lilitaka jumla 1,500, ukapteni 250, safari za masafa 500, usiku 100, kuruka kwa vyombo 75, injini mbili 50. Ni mtindo wa Kimarekani. Wa ICAO unafanana nao kwenye usiku na vyombo, ila safari za masafa ni 200, na upande wa ukapteni unakubali 500 ukiwa chini ya usimamizi au 250 kwa mchanganyiko ambao angalau 70 ni zako kamili.

Kila safu ina maana yake ya kisheria, na humo ndimo watu wanapotelea.

Ukapteni ni saa ambazo dhamana ya ndege ilikuwa mikononi mwako. Mkufunzi anayefundisha huandika ukapteni, mwanafunzi wake huandika mafunzo. Marekani inamruhusu rubani mwenye idhini ya ndege hiyo aandike ukapteni kwa muda alioshika usukani peke yake, hata kama mkuu wa safari ni mwingine. Kampuni inalijua hilo. Ndiyo maana fomu nyingi huandika kwa msisitizo: hesabu tu safari ulizokuwa mkuu wa ndege tangu mwanzo hadi mwisho. Weka safu mbili, usichanganye.

Safari ya masafa hubadilika kulingana na anayeuliza. Kwa leseni ya juu ya Marekani inatosha uwe umefika zaidi ya maili 50 za baharini kwa mstari ulionyooka kutoka ulipopaa, hata usipotua huko. Kwa leseni za chini yake lazima utue. Safari ile ile ya kwenda na kurudi bila kugusa ardhi inaingia safu moja na kukataliwa na nyingine. Waliosoma wakilenga CPL husahau kurudi nyuma kuziokota.

Usiku hauanzi jua linapozama. Hesabu ya saa huanza utusitusi wa jioni unapokwisha, jua likiwa nyuzi 6 chini ya upeo, na huisha kabla ya utusitusi wa alfajiri. Safari ikianza mchana ikaisha gizani, igawe. Kijana hakuwa amegawa hata moja: alikuwa akiandika mchana kwa kila safari iliyopaa na mwanga. Tukatafuta nyakati za utusitusi kwa kila tarehe, tukaokota saa 6.2. Marekani, kwa anayeomba leseni ya juu, wana msamaha mdogo: ukishapita kupaa na kutua 20 za usiku, kila moja ya ziada inaweza kusimama badala ya saa moja, mwisho 25. Mwajiri si lazima akuhesabie hivyo.

Kuhusu vyombo nitakuwa mfupi: muda wa mawingu halisi na muda wa kofia ya mazoezi, ile inayomziba rubani asione nje, viandikwe mbali mbali, na saa za simuleta zisiingie kwenye jumla ila kwa kiasi sheria inachokubali. Kwa ATPL ya ICAO ni 100 tu ndani ya zile 1,500.

Kagua daftari kama adui yako

Hapa ndipo tulipokaa alasiri nzima, na hapa nakuomba usiharakishe.

Anza na desimali. Sehemu moja ya kumi ya saa ni dakika 6. Saa moja na dakika 45 ni 1.75, kwa kawaida ikaandikwa 1.8 au 1.7 kwa utaratibu mmoja utakaoufuata siku zote. Haiwi 1.45. Nasema haya kwa aibu, kwa kuwa daftari langu la kwanza, safari 140 na kitu, niliandika saa na dakika kwa nukta, kisha nikajumlisha kwa kikokotoo kama desimali. Nilijipunja saa 27 na nikazunguka nazo miaka miwili bila kujua. Kosa la kinyume ndilo baya: kusoma 1.7 ukaigeuza kuwa saa moja na dakika 70. Hapo umejizidishia, na anayekukagua hatakuuliza kama ulikusudia.

Pili, saa ipi umeandika? Muda wa kuruka unaohesabika huanza ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kupaa na huisha inaposimama mwisho wa safari. Kipimo cha mizunguko ya injini hakisemi hivyo; injini ikizunguka polepole nacho huenda polepole. Kitabu cha ufundi cha ndege kwa kawaida huandika muda wa hewani peke yake. Basi ukikuta daftari lako limezidi kitabu cha ndege kwa dakika 10 au 15 kila safari, ni sawa. Likizidi kwa nusu saa kila safari, jitayarishe kueleza, na anayekuhoji atakuwa ameshaona.

Tatu, ng'oa saa ambazo si zako. Kijana alikuwa na saa 9.6 za ndege ya injini mbili alizokaa kiti cha nyuma akimtazama mwenzake akifundishwa. Kuna vyuo vinavyowapanga hivyo, na kuna anayewaambia waandike. Abiria haandiki. Tukazifuta. Kisha zikatoka saa 13.0 alizoruka na rafiki yake, kila mmoja kwenye daftari lake akiwa kapteni. Ndege haina makapteni wawili. Zipo mamlaka zinazomruhusu rubani mlinzi, yule anayetazama nje, aandike muda ambao mwenzake kafunikwa asione nje kwa mazoezi ya vyombo, lakini ni dakika za kifuniko tu, kuanzia kinapovaliwa hadi kinapovuliwa. Hawa waliandika tangu injini kuwaka.

Kwa Kiingereza cha marubani kuna mzaha wa zamani juu ya saa za aina hiyo: huitwa saa za P-51, na mtu hudhani unazungumzia ndege ya kivita, kumbe ni kalamu ya Parker 51. Sisi tuziite saa za kalamu. Zinajulikana haraka kuliko unavyodhani. Rubani mwenye saa 60 za injini mbili anaeleza bila kufikiri anachofanya injini moja ikizima mara baada ya kupaa. Mwenye saa 60 za kalamu anatazama dari.

Nne, jumlisha upya kila ukurasa kuanzia wa kwanza. Usiamini jumla iliyobebwa. Kosa la ukurasa wa 6 husafiri hadi wa mwisho. Unaporekebisha, piga mstari mmoja unaoacha maandishi ya zamani yasomeke, andika sahihi juu yake, weka saini na tarehe. Usipake rangi nyeupe ya kufutia. Niliwahi kushika daftari lililopakwa kwenye kurasa nne, na huenda mwenyewe alikuwa msafi wa kupindukia tu, lakini hatukuwa na njia ya kujua, na mezani palikuwa na mafaili mengine hamsini.

Makosa ya desimali yalimrudishia saa 8.0. Basi hesabu ikawa hivi: 1,512 ukitoa 22.6, ukaongeza 8.0, inabaki 1,497.4. Injini mbili zikashuka hadi 21.4. Usiku ukapanda hadi 89.2. Akaniangalia kama niliyemwibia. Nilimwambia afadhali amwone mwizi huyu leo kuliko amwone siku ya usaili.

Jaza pengo, usijaze gunia

Akataka aende akaruke saa kumi za injini moja "kwa usalama", afikishe 1,507. Hilo ndilo kosa la wengi: kuongeza safu ambayo haina njaa. Alichohitaji ni injini mbili na usiku, na jumla ingepanda yenyewe.

Siri, kama ni siri, ni kutafuta safari zinazojaza safu nyingi kwa mpigo. Saa 2.4 za injini mbili, usiku, kwa mpango wa safari wa vyombo, hadi uwanja ulio maili 60, wewe ukiwa mkuu wa ndege, zinaingia jumla, injini mbili, usiku, masafa na ukapteni. Ukikutana na mawingu, na muda wa humo unaingia vyombo. Saa 2.4 za kuzunguka uwanja mchana zinaingia safu mbili.

Kazi za kuchuma saa nazo hazifanani. Ualimu ndio naupenda, kwa kuwa hujui kitu mpaka umemzuia mtu mwingine asikiharibu, lakini ukifundisha wanaoanza tu utajaza ukapteni na kuacha usiku na vyombo vikiwa vikavu. Omba upewe wanafunzi wa vyombo. Kupaisha warukaji wa miamvuli kunaleta kupaa na kutua kwingi, na pengine turbini, ila unarudi ulikotoka kila mara, kwa hiyo masafa hayasogei. Upimaji wa ardhi kutoka angani huleta saa upesi, mistari minyoofu asubuhi mpaka jioni, na usingizi ndio adui. Mizigo kwa ndege ndogo za injini mbili, usiku, kwenye hewa mbaya: ndiyo inayojaza kila safu, na ndiyo inayotaka uwe na adabu zaidi ya kusema "leo siendi". Kulipia kiti cha kulia cha ndege ya abiria ili upate saa sikushauri. Unanunua nambari, na unamsaidia mwajiri kugundua kwamba wapo wanaolipa ili wafanye kazi.

Usisahau usasa wa saa. Matangazo mengi huuliza umeruka ngapi miezi 12 iliyopita. Sheria ya kubeba abiria ni kupaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90, lakini mwajiri hutazama zaidi ya hapo. Saa 2,000 zilizolala miaka mitatu huonekana zimelala.

Fomu

Cheti cha afya cha daraja la kwanza kiwe hai. Kiingereza cha angani kiwe daraja la 4 au zaidi kwa kipimo cha ICAO. La 4 na la 5 hupimwa tena baada ya muda, la 6 halipimwi tena. Andika nambari zilizo kwenye daftari, usizungushe: 89.2 ni 89.2, haiwi 90, sembuse "takriban 100".

Kuna swali moja ambalo watu hulificha: umewahi kufeli mtihani wa kuruka au kuachishwa mafunzo? Jibu ukweli. Februari 2019 ndege ya mizigo ya Boeing 767 ilianguka karibu na Houston, watatu wakafa, na wachunguzi wa Marekani wakabaini kwamba rubani msaidizi, mwenye saa zaidi ya 5,000, alikuwa ameficha kushindwa kwake mafunzo kwenye kazi za nyuma. Tangu hapo macho ya waajiri kwenye swali hilo yamekuwa makali. Kufeli mara moja, ukaeleza ulikosea nini na ulirekebishaje, nimewapitisha wengi. Aliyeficha sikumpitisha hata mmoja.

Kijana alirudi miezi minne baadaye. Alikuwa ameongeza saa 28.9, zote za injini mbili, 12.4 kati yake za usiku. Jumla 1,526.3, injini mbili 50.3, usiku 101.6. Tukakaa tena na kikokotoo, ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa 41 tukakuta amejumlisha vibaya sehemu moja ya kumi kwenye injini mbili. Akapiga mstari, akaandika 50.2, akaweka saini na tarehe, ndipo akafungua fomu.